Fukusi afe kwa kiu, si kwa sumu

Usiku kukiwa kimya, gunia la mahindi lililoingiwa na dumuzi husikika. Weka sikio karibu: kuna mchakacho mdogo usiokoma, kama wa mtu anayetafuna karanga chumba cha pili. Nilifundishwa kusikiliza hivyo na mama mmoja wa Misungwi, mkoani Mwanza, ambaye ghala lake ni kona ya chumba wanacholala wajukuu. Asubuhi tulipofungua gunia nilizamisha mkono, ukatoka mweupe kwa unga hadi kwenye kiwiko. Punje zilikuwa matundu matupu. Alikuwa ameshatia dawa ya unga mara mbili, na ile ya pili aliizidisha kwa sababu ya kwanza haikufua dafu.

"Bwana shamba, niongeze tena?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Haya mahindi ndiyo ugali wa watoto hawa hawa."

Siku ile sikuwa na muda wa kumweleza yote. Nayaeleza hapa, kwa ajili yake na kwa kila kaya inayohifadhi mahindi, maharage, choroko, dengu, udaga (muhogo uliokaushwa) au michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) kuanzia Magu na Kwimba hadi Sengerema na Ukerewe.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Fukusi na dumuzi wanaishi ndani ya punje iliyokaushwa na hawanywi maji maisha yao yote. Wanaishije? Kwa njia mbili. Kwanza, mwili wa mdudu umepakwa nta nyembamba sana inayozuia maji yasitoke. Pili, akila chakula na kuvuta hewa ya oksijeni, mwili wake hutengeneza maji kidogo kutokana na chakula hicho. Ukimvunjia njia moja kati ya hizo mbili, anakufa kwa kiu akiwa juu ya rundo la chakula. Hakuna haja ya sumu ya mishipa ya fahamu, ambayo kesho itaingia kwenye ugali wako.

Bibi zetu waliokuwa wakichanganya maharage na jivu walikuwa wanaivunja njia ya kwanza. Jivu laini hufyonza nta, huikwaruza, na hujaza nafasi kati ya punje hadi mdudu ashindwe kutembea kutafuta mwenzake. Hiki ndicho wanasayansi wa chembechembe za nano wamekuwa wakikichunguza kwa miaka ya karibuni, ila wao wanatumia vumbi dogo kupita kiasi. Nanomita moja ni sehemu ya milioni moja ya milimita, na chembe ya nano ina upana wa nanomita 1 hadi 100. Mwaka 2010 watafiti wa Argentina na Marekani walionyesha kuwa unga wa alumina (oksidi ya alumini) uliotengenezwa kwa kiwango hicho unaua fukusi wa mchele na mdudu mwingine mtoboa nafaka. Mwaka uliofuata watafiti wa India wakaonyesha hivyo hivyo kwa silika, madini yale yale yaliyomo kwenye mchanga. Mwaka 2019 umoja wa kimataifa wa wanakemia uliviweka viuatilifu vya nano kwenye orodha yake ya teknolojia kumi chipukizi za kemia.

Udogo unasaidia nini? Jibu tunalo jikoni. Kiazi kitamu kizima ukikianika hakikauki, kinaoza. Ukikikata michembe, kila mkato unafungua uso mpya wa kupitisha maji, na kwa jua la siku chache kinalia kikavu kama kigae. Vumbi nalo likisagwa zaidi linapata uso mkubwa zaidi wa kufyonza nta, kwa hiyo kiasi kidogo kinafanya kazi kubwa.

Kati ya jivu la jikoni na chembe za maabara kuna kitu cha tatu, nacho kimeshajaribiwa kwa wakulima wa Tanzania na Zimbabwe: unga wa diatomu. Diatomu ni viumbe vya majini visivyoonekana kwa macho, vyenye magamba ya silika. Vikifa magamba hutuama chini ya maji, na baada ya maelfu ya miaka huwa mwamba mweupe laini. Kule Kariandusi, Kenya, huchimbwa. Hata Ziwa Victoria lilikuwa na diatomu wengi zaidi hapo zamani, kabla maji hayajajaa rutuba kutoka mashambani na mijini na mwani wa bluu-kijani kuwazidi nguvu. Lakini usiende kuchota tope la ziwani ukapaka mahindi. Tope lina uchafu na vimelea, na si unga wa diatomu ulioandaliwa kwa ajili ya nafaka. Ule wa dukani, gramu 1 kwa kilo ya mahindi hutosha kwa fukusi, ila dumuzi ni mgumu, anahitaji hadi gramu 2.5, yaani gramu 250 kwa gunia la kilo 100. Fuata lebo ya bidhaa uliyonunua.

Vumbi hili lote, la jivu, la diatomu au la nano, lina adui mmoja: unyevu. Mdudu aliye kwenye nafaka yenye maji mengi anarudishiwa maji anayopoteza. Huku kwetu kando ya ziwa hewa ina unyevu mwingi, na mavuno ya vuli hukauka kwa shida, kwa hiyo hapa ndipo wengi wanapoharibu. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Kisha pima kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu kabisa, jaza punje hadi theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa juani, funika, tikisa kwa dakika moja, iache dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, nafaka ina maji zaidi ya asilimia 15, rudisha juani. Ikianguka yote chini, bado usikimbilie kufunga. Anika siku moja au mbili zaidi, kwa sababu tunataka ishuke hadi asilimia 13 hivi. Nimeona watu wakiuma punje kwa meno na kusema imekauka. Meno yanadanganya. Chumvi naiamini.

Unyevu una ubaya mwingine ambao vumbi haliugusi kabisa, nao ni sumukuvu. Mwaka 2016 watu 20 walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye kuvu. Jivu haliui kuvu, mfuko hauondoi sumu iliyokwishaingia, na kupika hakuimalizi. Punje zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitoe kabla ya kuhifadhi, wala usiwape kuku.

Sasa jivu. Tumia la kuni, lililopoa kabisa, ulilochekecha kwa chekeche la unga. Liwe jingi kiasi cha kujaza nafasi zote kati ya punje, na tabaka la mwisho juu lifunike. Watu wengi wanatia viganja viwili kwa debe zima kisha wanalalamika jivu halifanyi kazi. Kwa maharage, kunde na choroko linafaa sana. Kwa mahindi yaliyoingiwa na dumuzi, jivu peke yake halitoshi. Usitumie jivu la moto uliochomewa plastiki, betri au mbao zenye rangi.

Pumba za mpunga zilizorundikana kwenye mashine za kukoboa ni hazina, maana sehemu kubwa ya jivu lake ni silika. Maabara nyingi duniani hutengeneza silika ya nano kutokana na pumba hizo hizo. Ila kuna jambo la afya hapa ambalo naomba lisipite hivi hivi. Pumba zikichomwa kwa moto wa wastani, silika yake hubaki katika hali isiyo na ukali. Zikikaa kwenye moto mkali mno kwa muda mrefu, kama ndani ya tanuru la matofali, silika hubadilika kuwa fuwele, na vumbi la fuwele likivutwa miaka na miaka huleta ugonjwa wa mapafu usiopona, na pia limethibitishwa kusababisha saratani ya mapafu. Kwa hiyo jivu la tanuru la matofali liache. Na vumbi lolote unalochanganya, hata lile salama, changanyia nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, ukiwa umevaa barakoa au umefunga kitambaa kilicholoweshwa maji kidogo puani na mdomoni. Watoto na mwenye pumu wakae mbali. Kabla ya kusaga au kupika, pepeta na uoshe.

Hofu ya vumbi ndiyo inayonifanya nisikushauri kununua kopo lolote lililoandikwa "nano" minadani. Chembe ndogo namna hiyo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na utafiti juu ya usalama wake kwa mlaji unaendelea. Chembe za fedha, ambazo maabara nyingi zimezitengeneza kwa majani ya mimea kama mwarobaini ili kuua viluwiluwi vya mbu, zinadhuru viumbe vya majini. Sisi tunakunywa ziwa hili na kula sato na dagaa wake. Kiuatilifu kiwe cha nano au cha kawaida, tafuta namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania kwenye lebo. Hakuna namba, usinunue, hata muuzaji awe jirani yako.

Na ile dawa ya unga aliyozidisha yule mama? Nyingi zina viambato viwili: pirimifosi-methili inayomuua fukusi, na permethrini inayomuua dumuzi. Vimeunganishwa kwa sababu dumuzi hutikiswa kidogo tu na kile cha kwanza. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati. Huku alionekana mara ya kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na wapo wanaomwita skania mpaka leo. Dawa ikiwa halisi, haijapitwa na wakati, na ikitiwa kwa kipimo mara baada ya kupukuchua, inasaidia. Ikitiwa wakati mdudu ameshaingia ndani ya punje haimfikii. Kuzidisha kunaongeza sumu kwenye sufuria tu.

Permethrini ni wa ukoo wa pairethroidi, ukoo ule ule uliowekwa kwenye vyandarua na unaopuliziwa pamba. Mbu wa kanda yetu wameshazoea. Hapa hapa Misungwi, kuanzia mwaka 2019, watafiti walilinganisha vyandarua vya aina mbalimbali kwa miaka miwili, na matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 yalionyesha kuwa vyenye klofenapiri, kiuatilifu cha ukoo mwingine, pamoja na pairethroidi viliwakinga watoto dhidi ya malaria vizuri kuliko vya pairethroidi peke yake. Kila mara tunapomwaga dawa za ukoo huo ovyo, shambani au nyumbani, tunawafundisha wadudu kuzivumilia. Kiu ni vigumu mno kwa mdudu kuizoea.

Njia ya pili ya maji, ile ya oksijeni, huvunjwa na mifuko isiyopitisha hewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walieleza mwaka 2012 kwamba wadudu wa kunde waliofungiwa humo, oksijeni ikipungua, huacha kula, hushindwa kutengeneza maji mwilini na hufa kwa kukauka. Mfuko una tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba. Ujaze kidogo kidogo huku ukishindilia, kamua hewa yote, sokota shingo ya plastiki ya ndani, kunja, funga kwa mpira. Fanya hivyo kwa ya pili, kisha kiroba. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta na panya. Usiweke magunzi wala punje zenye ncha, kwani zitatoboa. Usiufungue kabla ya miezi miwili. Dumuzi anaweza kutoboa plastiki, kwa hiyo mfuko utiwe nafaka safi iliyopepetwa, na usikae karibu na gunia lililokwisha kuingiwa.

Kwa maharage kuna njia isiyogharimu hata shilingi. Kiwavi wa mdudu wa maharage huchukua takriban saa 24 kutoboa tundu la kuingilia, akijiegemeza kwenye harage la jirani. Jaza kiroba nusu, ukigeuze na kukibiringisha asubuhi, mchana na usiku. Kila ukikibiringisha anapoteza egemeo lake, anaanza upya, mwishoni anachoka na kufa. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1991 yalipunguza wadudu kwa zaidi ya asilimia 90. Kwa choroko haifai, maana mdudu wake hubandika yai juu ya punje kwa gundi. Vile vidoa vyeupe unavyoviona ndivyo mayai yenyewe.

Kuna jambo moja nalisema kwa uchungu. Vidonge vya kufukiza vya alumini fosfaidi vinauzwa kimoja kimoja mitaani, na watu wanavitumbukiza kwenye magunia ndani ya nyumba wanayolala. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo haina dawa ya kuipinga hospitalini. Hivyo ni vya maghala na vya mafundi wenye mafunzo. Chumba wanacholala wajukuu si ghala la kufukiza.

Michembe na udaga vifuate utaratibu ule ule wa mahindi: vikauke hadi vilie vikigongana, vikae kwenye mfuko usiopitisha hewa, vipande vyenye ncha vikiwa vimetangulizwa ndani ya kiroba laini ili visitoboe plastiki. Chakula cha kula kila wiki kiweke kwenye mifuko midogo, kwa sababu kila ukifungua mkubwa unamrudishia mdudu hewa. Yule mama sasa ana mifuko mitatu. Ameandika tarehe juu ya kila mmoja kwa kipande cha mkaa, na kitanda amekiondoa kwenye kona ile ya chumba.