Jinsi ya kufuatilia maisha ya balozi aliyemalizwa na serikali yake mwenyewe (tukimtumia Diallo Telli wa Guinea)

Wengi wakitaka kuandika habari za mwanadiplomasia mkubwa aliyefia jela chini ya dikteta wanaanza na siku aliyokamatwa, askari wamezunguka nyumba, mke analia, basi stori inaanzia hapo. Usianzie hapo. Ukianzia hapo utaona mtu aliyepatwa na bahati mbaya tu, wakati ukifuatilia vizuri utakuta alianza kuanguka miaka mingi nyuma, tena mara nyingi ni kipindi kilekile alichokuwa anapigiwa makofi ugenini. Nitakuonyesha ninavyofanya mimi na nitamtumia Diallo Telli, kwa sababu ni Mwafrika mwenzetu, alikuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na vijana wengi leo hata jina lake hawalijui, jambo ambalo linaniuma sana.

Chukua daftari, kompyuta iache kwanza. Piga mstari katikati ya ukurasa, kushoto andika NJE, kulia andika NYUMBANI. Kushoto unaweka alichofanya mbele ya dunia, kulia unaweka kilichokuwa kinaendelea nchini kwake mwaka uleule. Ni kitu kidogo lakini ndicho kilichonifungua macho, maana mwanzoni nilikuwa nasoma wasifu wake kama ngazi moja tu, cheo baada ya cheo, halafu ghafla jela, na nikawa sielewi imekuwaje.

Kwa Telli upande wa kushoto unajaa haraka. Kazaliwa 1925 Porédaka, kwenye nyanda za juu za Fouta Djallon, Mfulani, akasoma William Ponty kule Senegal halafu Paris, akatoka mwanasheria. 1954 ni mwendesha mashtaka msaidizi Thiès. 1957 ni Katibu Mkuu wa Baraza Kuu la Afrika Magharibi ya Kifaransa pale Dakar, yaani kabla ya uhuru tayari alikuwa amefika juu kuliko karibu Waafrika wote waliokuwa kwenye utawala ule. Septemba 28, 1958 Guinea ikamwambia de Gaulle, kiongozi wa Ufaransa, HAPANA kwenye kura ya kubaki chini ya Ufaransa, Oktoba 2 ikawa huru, na Telli akaenda kuitumikia nchi changa isiyokuwa na kitu. Desemba 12 mwaka huohuo Guinea ikaingia Umoja wa Mataifa na yeye ndiye akawa sauti yake pale New York, baadaye akabeba na ubalozi wa Washington. 1963 akawa mwenyekiti wa kwanza wa kamati maalumu ya Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Julai 1964, kwenye mkutano wa Cairo, wakuu wa nchi wakamchagua kuongoza OAU, akahamia Addis Ababa, akakaa miaka nane.

Sasa jaza kulia, polepole. 1960 Sékou Touré, rais wa Guinea, anatangaza njama ya kwanza. 1961 njama ya walimu. 1965 njama ya wafanyabiashara. 1969 njama ya wanajeshi, na humo anafia Fodéba Keïta, waziri ambaye mwenyewe alikuwa ameshika mambo ya ulinzi na usalama. Novemba 22, 1970 Wareno wanavamia Conakry kweli, hiyo ilikuwa ya kweli kabisa wala si ya kutunga, lakini baada ya hapo ndiyo msako ukawa mkubwa kuliko yote na Januari 25, 1971 watu wananyongwa hadharani darajani mjini Conakry. Ukiangalia ukurasa mzima sasa utaona kila kundi lina zamu yake, walimu, wafanyabiashara, askari, na swali si tena "kwa nini Telli", swali ni zamu ya watu kama Telli ilikuwa inakuja lini.

Hatua inayofuata ni kutazama uhamisho. Kwenye utawala wa namna hii barua ya kuitwa nyumbani ni hatari kuliko barua ya kufukuzwa kazi. Mtu akifukuzwa akiwa nje anabaki na roho yake. Akiitwa kwa mashauriano, au apewe cheo kipya nyumbani, hapo weka alama nyekundu. Mfano wa karibu ni Achkar Marof, aliyechukua kiti New York baada ya Telli na akaongoza kamati ileile ya ubaguzi wa rangi. 1968 akaitwa nyumbani, akaenda, akawekwa ndani Camp Boiro, jela ya kisiasa pale Conakry. Telli yuko Addis wakati huo, ni mtu aliyemfuata kwenye kiti chake kabisa, hawezi kuwa hakuelewa.

Na bado 1972, mkutano wa Rabat ulipomchagua Nzo Ekangaki wa Cameroon badala yake, Telli akarudi Conakry. Agosti mwaka huo akapewa uwaziri wa sheria.

Hapa waandishi wengi wanaharibu. Wanaandika kwamba alikuwa mjinga, au alipenda madaraka. Tafadhali usifanye hivyo, kaa na swali hili hata wiki nzima kabla hujaandika sentensi moja. Balozi ni mtu ambaye kwa miaka kumi na nne kazi yake ni kusimama mbele ya watu na kusema nchi yangu ni njema, mnaisingizia, na akisema hivyo kila siku sehemu ya moyo wake inaamini, halafu siku yake ya kurudi inafika, akikataa kurudi ndiyo amekiri mbele ya dunia nzima kwamba yote aliyosema yalikuwa uongo. Kuna na ndugu waliobaki nyumbani, kuna wazazi, kuna kijiji. Mimi naamini alirudi kwa sababu kutorudi kungemfanya msaliti kwa macho yake mwenyewe, lakini hiyo ni maoni yangu na wewe ukiandika ya kwako iseme wazi ni maoni.

Ila pia usimfanye malaika. Alikuwa waziri wa sheria kwa karibu miaka minne wakati watu wanaozea Boiro bila kesi yoyote. Liandike hilo, tena usilifiche kwenye mabano. Waliofungwa kabla yake na familia zao wana haki ya kuuliza alikuwa anafanya nini ofisini kwake asubuhi zile, na kisa kinachoruka miaka hiyo ni kisa nusu.

Sasa tufike kwenye mashtaka, na hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Telli alikamatwa Julai 18, 1976. Akaambiwa ameshirikiana na CIA, majasusi wa Marekani, na kwamba ni kiongozi wa njama ya Wafulani. Usisome mashtaka kama habari za mshtakiwa, yasome kama habari za anayeshtaki: anaogopa nini mwaka huu, anamtafuta nani wa kumbebesha shida za nchi. 1976 zamu ilikuwa ya Wafulani, Touré alitoa hotuba za kuwashambulia kabila zima waziwazi. Telli alikuwa Mfulani anayejulikana kuliko wote duniani, kwa hiyo njama ikihitaji kichwa, kichwa kilikuwa tayari.

Halafu angalia jinsi kesi ya kumbambikia balozi inavyojengwa, maana ni tofauti na ya mtu mwingine. Mkulima ukimwambia umeongea na majasusi wa kigeni itabidi uzushe kila kitu. Balozi huhitaji kuzusha, kazi yake yenyewe ndiyo ushahidi. Ulikula chakula cha jioni na Wamarekani? Ndiyo. Ulikuwa na namba zao za simu? Ndiyo. Mlionana faragha? Ndiyo, mara nyingi, serikali ndiyo iliyonituma. Kila jibu la kweli linakuwa msumari. Kile alichotumwa akakifanye, kujuana na wakubwa wa nje na kuaminika nao, ndicho anachokuja kuuliwa nacho. Ukilielewa hili utaona kwa nini wanadiplomasia wanaanguka kirahisi hivyo, na si Guinea tu. Uganda ya Idi Amin, Michael Ondoga alikuwa waziri wa mambo ya nje, akatolewa Februari 1974 na mwezi uliofuata mwili wake ukakutwa mto Nile. Aliyeshika nafasi baada yake, Elizabeth Bagaya, akafukuzwa Novemba mwaka huohuo, akafanikiwa kutorokea Kenya.

Kuhusu maungamo. Utawala wa Touré ulipenda sana maungamo, yakasomwa redioni, yakachapishwa, na ukiyakuta leo yanavutia kuyanukuu kwa sababu yana maelezo mengi, majina, pesa, tarehe. Usiyatumie kamwe kueleza mtu alifanya nini. Watu walikuwa wanateswa kwa umeme na kwa kamba na kwa njaa mpaka waseme. Yatumie kwa kazi moja tu, kujua wahojaji walitaka kusikia nini. Na kwenye maandishi yako usiandike "alikiri", andika "alilazimishwa kusema". Neno moja lakini linabadilisha kila kitu, na mjukuu wake akisoma ataona tofauti.

Kutafuta nyaraka: hotuba za Umoja wa Mataifa zipo kwenye intaneti bure, kumbukumbu za vikao vya Baraza Kuu neno kwa neno, na unaweza kumsoma Telli akiongea kuhusu Kongo, Algeria, Afrika Kusini. Sachi jina kwa namna zote, Diallo Telli, Telli Diallo, Boubacar Telli, maana makarani waligeuza majina walivyotaka, na Marof vilevile anatokea kama Achkar Marof na Marof Achkar. Nyaraka za siri za balozi za nchi kubwa nyingi zimefunguliwa, soma, lakini kumbuka aliyeandika alikuwa mgeni mwenye maslahi yake. Kisha ushuhuda wa wafungwa waliotoka hai Boiro, huo upe uzito kuliko vyote na bado linganisha mmoja na mwingine.

Kifo chake kiandike kwa maneno machache na ya wazi. Pale Boiro kulikuwa na adhabu iliyoitwa lishe nyeusi. Mfungwa anafungiwa kwenye seli ndogo, mlango wa chuma, bati juu, joto la Conakry, na kuanzia siku hiyo hapewi chakula wala maji. Mlango haufunguliwi. Wenzake kwenye seli za jirani wanamsikia anaomba maji, siku ya kwanza kwa sauti, siku zinazofuata sauti inapungua, mpaka inakata. Hakuna risasi wala damu, na anayetoa amri hahitaji hata kumuona. Telli alikufa hivyo, tarehe inayoandikwa ni Machi 1, 1977, na mawaziri wawili wa zamani na maofisa wawili wa jeshi walimalizwa namna hiyohiyo pamoja naye. Mtu aliyesimama mbele ya dunia miaka kumi na nne akiomba haki za Waafrika wengine. Usiongeze vivumishi hapo, msomaji ataelewa.

Halafu usisimame kwenye kifo, kwa sababu tawala hizi zinaficha kifo na kufichwa huko ni sehemu ya kisa. Boiro haikuwa inatoa maiti wala cheti. Andika tarehe mbili kila mara, ya kufa na ya familia kujua. Achkar Marof milango ya jela ilifunguliwa kwa muda wakati wa uvamizi wa Novemba 1970, akakamatwa tena, akauawa Januari 26, 1971. Sékou Touré akafa Machi 26, 1984 hospitalini Cleveland, Marekani, Aprili 3 wanajeshi wakachukua nchi na Boiro ikafunguliwa, na ni baada ya hapo ndipo familia ya Marof ikajua. Miaka zaidi ya kumi na tatu mke na watoto wanasubiri mtu ambaye hayupo, hawawezi kufanya matanga, hawawezi kusema marehemu.

Ukibahatika kuongea na familia ya namna hii, usiulize kifo kwanza. Uliza alikuwa anakaa upande gani wa meza, alileta nini akitoka safari, barua zake za mwisho zilikuwa ndefu au fupi. Majibu haya ndiyo yatakayokupa mtu, mengine yote yapo kwenye mafaili. Ukimaliza kuandika wasomee kabla hujaweka popote, na wakisema ondoa jina la fulani, ondoa bila kubishana.

Halafu rudi kwenye daftari. Kwa Telli utakuta kushoto, kule NJE, kumekatika 1972 pale Rabat, na kulia kunaendelea mpaka 1984. Ile mistari ya kushoto iache wazi, usiibane ili ukurasa upendeze.