Kuchora watu kwa rangi zisizo za kawaida: anza na giza na nuru

Ngozi inaweza kuwa ya kijani na kivuli chake cha zambarau, na bado tukamtambua mtu. Kinachomshikilia kwenye kanvasi ni mpangilio wa giza na nuru. Huo ukikaa sawa, rangi ni hiari yako. Picha ya mwanamke mwenye kofia ambayo mchoraji Mfaransa Henri Matisse aliionyesha Paris mwaka 1905 ina viraka vya kijani usoni, na uso haukuvunjika.

Hatua ya 1. Paka kanvasi yote rangi ya machungwa iliyozimuliwa, ikauke. Juu ya weupe mtupu kila rangi huonekana nzito kuliko ilivyo.

Hatua ya 2. Chora kwa brashi. Tafuta mkao kwanza: mguu unaobeba uzito uko wapi? Nyonga ya upande huo hupanda, bega hushuka. Ukiwa na watu watatu, wawili waungane wawe umbo moja.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Finya macho mpaka vitu vidogo vipotee, ugawe unachokiona mara tatu: giza, kati na nuru. Njano haibebi kivuli, kwani ukiitia nyeusi hugeuka kijani kichafu. Iweke kwenye nuru. Ultramarini (buluu iliyokolea) na zambarau hutoka kwenye tyubu zikiwa na giza lake, basi zipe vivuli. Nyekundu na kijani hukaa vizuri katikati. Kisha piga picha kwa simu uigeuze nyeusi na nyeupe. Mtu akipotea, rekebisha giza na nuru. Rangi ulizochagua hazina kosa.

Hatua ya 4. Chukua brashi bapa, pana kuliko unavyotamani, uishike mwishoni mwa mpini, mkono uende kuanzia begani. Piga mara moja, uache. Nyekundu na kijani zikisuguliwa pamoja kabla ya kukauka, zote hufa zikawa kahawia, kwa hiyo futa brashi kila unapobadili rangi. Kwa wanaotumia rangi za mafuta: tabaka lenye mafuta machache litangulie, vinginevyo la juu hupasuka baadaye.

Hatua ya 5. Macho usiyachore, kivuli kimoja chini ya paji kinatosha. Acha machungwa yachungulie kati ya mapigo. Nguo na mandharinyuma vikiwa na giza sawa, viache viyeyukiane, na ukingo mkali umpe mhusika mkuu peke yake.