Kuzalisha Kambale Nyumbani Katika Baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Mfugaji wa Kyela akimdunga kambale jike sindano ya homoni ya kuivisha mayai saa kumi na mbili jioni, mayai yanaweza kuwa tayari kukamuliwa saa tisa usiku. Mwenzake wa Njombe, mwenye dawa ile ile na samaki wa uzito ule ule, akikamua saa hiyo hiyo ataambulia damu kidogo na mzazi aliyejeruhiwa. Aliyepo Kyela anafugia kando ya Ziwa Nyasa, mahali penye joto, ilhali wa Njombe yuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji yake hayajawahi kusoma maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Pwani. Makosa mengi ninayoyaona kwa wanaoanza kuzalisha vifaranga Mbeya, Iringa na Njombe yanatokana na kuhesabu saa bila kutazama kipimajoto.

Kambale hukomaa mayai bwawani bila shida, lakini ni nadra kuyataga humo. Katika bonde la Usangu, mvua za masika zinapofurika, kambale hupanda kutoka mitoni na kuingia kwenye majani yaliyofunikwa na maji, hata kwenye majaruba ya mpunga, na huko hutaga usiku. Mafuriko hayo ndiyo huifanya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, yaani pituitari, kumwaga homoni inayoyaivisha mayai kwa mara ya mwisho. Bwawa la nyumbani halina mafuriko, kwa hiyo homoni hiyo inabidi iingizwe kwa sindano.

Anza na uchaguzi wa wazazi, kwa sababu hakuna sindano itakayomfanya jike asiye tayari atoe mayai mazuri. Jike anayefaa ana tumbo lililojaa na laini, tundu la uzazi lililovimba na kuwa jekundu, na ukimbonyeza kwa upole hutoa mayai machache yanayolingana ukubwa. Dume hutambulika kwa kichomozi kirefu chenye ncha kilicho nyuma ya tundu la haja kubwa. Tafuta majike na madume kutoka mabwawa tofauti, kwani ndugu wa tumbo moja wakipandana kizazi baada ya kizazi, vifaranga hudhoofika. Wazazi wasipewe chakula kwa siku moja au mbili kabla ya kukamuliwa, ili kinyesi kisichanganyike na mayai, na kila mmoja akae peke yake kwenye chombo chenye mfuniko mzito, maana kambale hupigana na huruka.

Homoni hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni dawa ya dukani kama Ovaprim, ambayo hutolewa nusu mililita kwa kila kilo ya samaki. Ya pili ni kuchukua pituitari ya kambale mwingine aliyekomaa, mwenye uzito unaolingana na wa jike atakayedungwa, kuisaga hadi iwe laini, kuichanganya na mililita moja au mbili za maji ya chumvi, kisha kumdunga jike kwenye msuli wa mgongo, kando ya pezi. Maji hayo ni gramu 9 za chumvi safi katika lita moja, sawa na dripu ya chumvi inayouzwa famasi. Dume hahitaji sindano.

Baada ya hapo saa inayohesabika ni ile ya joto la maji alimo jike. Maji yakiwa na nyuzi 28, mayai huwa tayari baada ya takriban saa 8. Kwa nyuzi 25, takriban saa 11. Kwa nyuzi 22, zaidi kidogo ya saa 15. Na kwa nyuzi 20, takriban saa 21. Angalia jinsi nyuzi mbili tu, kutoka 22 kushuka hadi 20, zinavyoongeza zaidi ya saa tano. Mfugaji wa Mafinga anayepima maji alasiri na kukuta nyuzi 24, kisha akalala na kuacha yapoe usiku hadi 19, hana tena jedwali la kumsaidia. Ukikamua mapema mayai hayatoki, na ukichelewa sana yanaharibika ndani ya tumbo na hayatungishwi, hata kama kwa macho yanaonekana mazuri. Pima maji kila baada ya saa moja au mbili na uandike. Daftari la shule linatosha.

Afadhali zaidi ni kulizuia joto lisiyumbe. Lenga nyuzi 25 hadi 28 tangu jike anapodungwa mpaka vifaranga waanze kula. Chumba kidogo chenye dari, au nyumba ya nailoni kama zile za wakulima wa nyanya, hupunguza sana baridi ya usiku, na simtanki jeusi lililopigwa na jua mchana hukupa maji ya vuguvugu ya kuongezea. Hita ya umeme ndiyo njia rahisi, ila umeme ukikatika usiku uwe na madumu ya maji ya moto yaliyofungwa vizuri ya kuzamisha ndani ya tangi. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa yake huua mtu kabla hajajua kinachomtokea. Kama huna njia yoyote ya kupasha maji, zalisha kati ya Oktoba na Machi na uache kabisa Juni na Julai. Wa Makete na wa Kitulo ningewashauri wanunue vifaranga kutoka mabondeni; gharama ya kupigana na baridi ya kule hailipi.

Wakati wa kukamua ukifika, kila kitu kitakachogusa mayai kiwe kikavu: beseni, mikono, hata samaki mwenyewe afutwe kwa taulo. Manii ya kambale yakigusa maji huamka na kufa ndani ya dakika moja hivi, na yai nalo hufunga mapema tundu dogo ambalo manii huingilia. Dume hakamuliki kama jike, hivyo kwa kawaida huchinjwa na korodani zake kutolewa. Zinazofaa ni nyeupe kama maziwa, na za dume mmoja zinatosha majike kadhaa. (Nyama yake ni kitoweo halali cha jioni hiyo, isipokuwa kama dume naye alidungwa dawa.) Zikate kwa wembe, nyunyiza manii juu ya mayai, changanya kwa unyoya safi wa kuku, ndipo uongeze maji safi kiasi cha kufunika mayai na kukoroga taratibu kwa dakika moja. Gramu moja ina mayai yapatayo 600 hadi 700, kwa hiyo ukipima uzito wa mayai utajua unachotarajia.

Mayai hunata mara moja. Yatandaze kwa tabaka moja tu juu ya kipande cha chandarua kilichokazwa kwenye fremu na kuzamishwa kidogo, mahali penye giza na maji yanayopita polepole au yanayopulizwa hewa. Yaliyo hai hubaki na rangi ya kijani-kahawia; yaliyokufa huwa meupe, hushikwa na ukungu, na ukungu huo hutambaa hadi kwa majirani zake. Hapa pia joto ndilo linaloamua: kwa nyuzi 28 yataanguliwa baada ya saa 22 hivi, kwa nyuzi 25 saa 27, lakini kwa nyuzi 20 utasubiri saa 57, muda ambao ukungu unautumia vizuri kuliko wewe. Vifaranga hupenya chandarua na kujikusanya kwenye pembe za giza; ondoa fremu na maganda yake upesi.

Kwa siku tatu hivi hula kiini walichozaliwa nacho. Baadaye wape artemia (vijidudu vidogo vya maji ya chumvi), au vijidudu vya maji vilivyochujwa kutoka bwawa lililorutubishwa kwa samadi, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Kiini cha yai la kuku kilichochemshwa hutumiwa na wengi, lakini huchafua maji haraka. Watenge kwa ukubwa kila wiki, kwani mkubwa humla mdogo. Wakipelekwa bwawa la kulelea, lijaze maji siku chache tu kabla, na lizungushie uzio wa mabati au nailoni uliofukiwa ardhini, kwa sababu chura akishatangulia kutaga humo utavuna viluwiluwi.