Somo: Kuandika mkataba wa kutengana ambao hautageuka ugomvi mwingine

Wengi wanaokuja kwangu wanakuja na karatasi tayari. Imechanwa kwenye daftari la mtoto, ina saini ya mjumbe na mashahidi wawili, na inasema: "Tumekubaliana kutengana kwa amani, baba atatunza watoto kadiri ya uwezo wake." Shilingi ngapi? Tarehe ngapi? Ada nani? Karatasi hiyo haijawahi kumlisha mtoto yeyote.

Ninayoeleza ni ya Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ndugu zetu wa Zanzibar wana utaratibu wao, msichanganye.

Hatua ya 1: Jueni mnaandika nini

Kutengana si talaka. Mnaishi mbalimbali, ndoa ipo palepale. Talaka inatolewa na mahakama tu, kwa hiyo karatasi yenu hata ikigongwa mihuri kumi haimfanyi mwanamke awe huru kuolewa. Tena ndoa ikiwa haijafikisha miaka 2, kuomba talaka kunahitaji kwanza ruhusa ya mahakama. Kwa wengine ndiyo sababu wanaanza na kutengana.

Mstari wa kwanza uwe tarehe mliyotengana. Kutengana kwa hiari kukidumu angalau miaka 3 ni moja ya mambo ambayo mahakama huyapokea kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Bila tarehe, miaka hiyo mtaibishania.

Hatua ya 2: Orodha ya mali, na madeni

Hapa kaeni sana. Nyumba, kiwanja, shamba, gari, bodaboda, ng'ombe, hisa za VICOBA, akiba ya SACCOS. Kila kitu kiandikwe kilipatikana lini na jina la nani liko kwenye hati au kadi. Kisha madeni, ambayo watu huyaruka kwa aibu: mkopo wa nani, umebaki kiasi gani, nani ataumalizia. Nimeona mama amebaki na nyumba, miezi minne baadaye benki inabisha hodi kwa mkopo aliousaini kama mdhamini.

Jina kwenye hati halimalizi mjadala. Mali iliyo kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kuthibitisha kunawezekana. Mwaka 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. (Bi Hawa mwenyewe rufaa yake haikufaulu, kwa sababu fedha alizopewa na mumewe aanzishe mradi zilipotea ovyo. Wanaoitaja kesi hii mitaani wanapenda kuishia katikati.)

Nyumba mliyojenga kwenye kiwanja cha wakwe inaumiza kichwa. Usiandike "tutagawana nyumba" wakati ardhi ni ya baba mkwe. Andikeni mchango wa kila mmoja kwa shilingi, mwambatanishe risiti za saruji na mabati kama zipo, na mwenye ardhi asaini kwamba anaujua ujenzi huo.

Hatua ya 3: Watoto

Andikeni: mtoto fulani anakaa na nani, anamwona mzazi wa pili siku zipi, likizo anakwenda wapi, nani anampeleka na kumrudisha. Matunzo yawe na kiasi, tarehe, na namba ya simu itakayopokea. Ada, sare na matibabu vitajwe peke yake, maana ndivyo vinavyoleta "mimi nilidhani vimo humo".

Kwa mtoto wa chini ya miaka 7 sheria huanza kwa kudhani ni vizuri akae na mama, ila dhana hiyo inaweza kupingwa. Na msijidanganye kwamba mkisaini mmemaliza: masilahi ya mtoto yakidai, mahakama inaweza kubadili mlichokubaliana.

Hatua ya 4: Kusaini

Kila mmoja apate ushauri wake. Wakili mmoja hawezi kuwatetea wote wawili. Asiye na uwezo atafute msaada wa kisheria, sheria yake ipo tangu 2017. Andikeni kwa Kiswahili, kila ukurasa usainiwe, na kila mmoja abaki na nakala. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi, na hilo liandikwe.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mama. Mume wangu anasema nikisaini kutengana nimepoteza haki kwenye nyumba.*

Marahaba mwanangu. Si kweli, labda karatasi yenyewe iseme unaiacha. Isome mara mbili. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa yako, na unaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati ukiona dalali anazungukazunguka.

*Mama, sisi ni Waislamu. Nimeshatoa talaka mbele ya shehe. Mahakama ya nini tena?*

Kwa sheria ya nchi bado unayo ndoa. Nendeni baraza la usuluhishi wa ndoa, la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, linafaa. Likishindwa kuwapatanisha litoe hati, nayo uipeleke mahakamani pamoja na maombi yako. Mahakama ya Mwanzo inatosha. Angalia tarehe: hati ikizidi miezi 6 kabla ya kufungua shauri, unarudi mwanzo.

*Hatukufunga ndoa popote ila tumeishi miaka 6 na watoto wawili. Tunaweza kuandikishana?*

Mnaweza, na afadhali mfanye hivyo. Waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikawajua kama mke na mume hudhaniwa kuwa wamefunga ndoa mpaka ithibitishwe sivyo. Matunzo ya watoto hayasubiri cheti.

*Ananipiga. Wazee wanasema tukae kwanza tuandikishane.*

Usikae mezani na mtu unayemwogopa, utasaini chochote. Nenda polisi, dawati la jinsia na watoto, uchukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, utibiwe, ulale mahali salama. Mazingira kama yako mahakama inaweza kuyasikiliza bila kulazimisha baraza kwanza. Niandikie faraghani uko wilaya gani.

*Mkataba tunao. Alituma matunzo miezi miwili, tangu Machi kimya.*

Usifute ujumbe hata mmoja. Omba kwa kampuni ya simu taarifa ya miamala ya namba ile mliyoiandika, ibebe pamoja na mkataba uende mahakamani kudai malimbikizo. Uliandika namba, sivyo?

*Sikuandika, mama.*

Basi chukua taarifa ya miezi ile miwili aliyotuma. Tutaanzia hapo.