Jinsi ya kupima hisia za umma kabla ya kuagiza mitindo mipya

Usianze na nguo. Anza na hisia zenyewe, maana zina kipimo chake. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan huwauliza watu maswali matano kila mwezi: mfuko wako ukoje ukilinganisha na mwaka jana, mwakani utakuwaje, uchumi wa nchi utaendaje kwa miezi 12 na kwa miaka mitano, na je, huu ni wakati mzuri wa kununua vitu vikubwa vya nyumbani? Kwa kila swali, chukua asilimia ya wanaoona heri, toa ya wanaoona shari, jumlisha 100. Wakiwa 30 kwa 45, unapata 85. Wasioona tofauti hawaguswi.

Waulize wateja wako hivyo hivyo, kwa maneno yale yale na mpangilio ule ule. Ukigeuza neno katikati ya mwaka, umevunja mfululizo na itabidi uanze upya. Idadi nayo ina uzito: ukichagua watu 100 kwa bahati nasibu, asilimia yako inaweza kupotoka kwa pointi 10 hivi juu au chini, wakiwa 400, kwa 5. Kwa hiyo alama ikishuka kutoka 85 hadi 82, tulia.

Sasa chora mstari wa hisia na wa mauzo kwenye grafu moja, kisha usogeze wa mauzo nyuma mwezi baada ya mwezi hadi vilele vikutane. Mavazi huchelewa. Utafiti uliofanywa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2010 kuhusu urefu wa sketi tangu 1921 ulikuta uchumi ukitangulia kwa miaka mitatu hivi, kwa hiyo ile kauli kwamba sketi fupi ni dalili ya neema leo haina msaada dukani.

Wengi huteleza kwenye sababu. Mwaka 2001 Leonard Lauder, mwenyekiti wa kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder, alidai kwamba lipstiki huuzika zaidi nyakati ngumu. Mwaka 2020 nyakati zilikuwa ngumu kweli, lakini barakoa zilifunika midomo na mauzo yakaanguka. Nguo zilizoshonwa kwa kitambaa kidogo wakati wa Vita Kuu ya Pili nazo zilitokana na sheria: Uingereza iligawa nguo kwa kuponi kuanzia 1941 hadi 1949. Kwa hiyo, kabla ya kuitaja hisia, tafuta katazo, uhaba au kodi mpya.

Alama ikishuka miezi mitatu mfululizo, punguza kwanza oda ya nguo za kuvaliwa mara moja. Vipambo vidogo viache kama vilivyo.