Kiangazi hiki usiwashe kiberiti shambani kabla hujasoma hapa

Wakulima wenzangu wa Jinja, Mayuge mpaka huku Buikwe, hapa Uganda, naombeni dakika tano tu. Mvua za mwisho wa mwaka zikikatika, kuanzia Desemba mpaka Februari, ukivuka mto Nile alfajiri unakuta moshi umelala juu ya mji wa Jinja haupandi wala hausogei, na watu wanasema eti ni ukungu. Ukungu gani unawasha macho na kukereketa koo?

Sawa, viwanda vipo, vya chuma na vya sukari, malori yanatimua vumbi la murram, na karibu kila nyumba inapikia makaa ama kuni, hayo yote yanachangia na wenye viwanda wana lao la kujibu. Lakini hayo yapo mwaka mzima. Kinachozidi wakati wa kiangazi ni moto wetu sisi wa mashambani, tunachoma miwa ndo tukate, tukishakata tunachoma trashi, yale majani makavu yanayobaki shambani, halafu mabua ya mahindi nayo tunayachoma tukitayarisha shamba la Machi, na mvua ya kuosha hewa haipo.

Kuna mama mmoja kule Walukuba, mjini Jinja, nilimkuta anaanua yunifomu za watoto, zile shati nyeupe, zimejaa majivu meusi membamba kama nyuzi, ukigusa na kidole yanapakaa, ikabidi afue upya. Na hayo ni yale yanayoonekana! Yanayoumiza zaidi ni chembe ndogo sana, zisizozidi maikromita 2.5, unywele mmoja ni mnene kuliko hizo karibu mara thelathini, zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linasema kwa siku nzima zisizidi maikrogramu 15 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa. Kitambaa cha kufunga mdomoni hakizizuii vizuri. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umeweka vifaa vya kupima hewa Jinja pia, unaweza kuangalia kwenye simu yako, angalia asubuhi halafu angalia tena saa nane mchana utaona tofauti.

Sababu ni hii. Usiku ardhi inapoa, hewa ya chini inakuwa nzito na baridi, ile ya juu inabaki na joto na kuifunika, kwahiyo moshi unakosa pa kutokea. Tena mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka unatoka mashambani kuelekea ziwani, na mji uko hapo katikati. Kwahiyo ukichoma jioni watoto wa mjini ndio wanalala na moshi wako.

Sasa tuongee pesa, maana najua unachoma sababu wakataji wanaogopa nyoka na yale majani yanakata mikono, hiyo naielewa kabisa. Ila miwa iliyochomwa inaanza kuharibika haraka, sukari inapungua na uzito unashuka, inatakiwa ifike kwenye mashine ndani ya siku moja ama mbili, na sisi wote tunazijua zile foleni za trekta. Miwa mibichi inavumilia kidogo zaidi. Ukichoma trashi nayo, naitrojeni na salfa zinapaa na moshi, halafu unaenda dukani kununua mbolea ya urea kurudisha kile kile ulichochoma.

Jaribu hata robo eka tu. Ukishakata, panga trashi kati ya mistari, mstari mmoja weka, unaofuata acha wazi upate pa kupitisha jembe, na ondoa yaliyofunika mashina ili ratuni, yaani miwa inayoota tena kwenye mashina ya zamani, ichipue bila shida. Mbolea iweke chini ya trashi karibu na shina, usiimwage juu, na mwanzoni ongeza kidogo maana majani yakioza yanavuta naitrojeni. Februari inua ile trashi kwa mkono, utakuta udongo bado una unyevu na minyoo, wakati shamba la jirani lililochomwa limepasuka, na palizi utapunguza sana. Pale bondeni panapotuama maji usiweke nyingi, mashina yataoza. Mabua ya mahindi lisha ng'ombe, ama katakata ulaze kukingama mteremko.

Trashi kavu nayo inashika moto haraka, kwahiyo fyeka na ulime njia ya kuzuia moto yenye upana wa kama mita tatu kuzunguka shamba, hii usiiruke.

Chupa za dawa na gunia za mbolea usichome kamwe, ule moshi ni sumu. Chupa suuza mara tatu, maji ya kusuuzia yamwage ndani ya pampu ya kupulizia dawa, halafu chupa itoboe isije ikatumika kuwekea maji ya kunywa.

Na kama kweli huna namna, kumbuka sheria ya kuzuia kuchoma nyasi ipo tangu 1974, pata ruhusa kwanza. Choma kipande kidogo kuanzia kama saa nne asubuhi, umande umekauka na upepo wa mchana haujachachamaa, watu na maji vikiwa tayari, usichome jioni wala alfajiri. Siku moja kabla pita kwa majirani, hasa kwenye mtoto wa pumu, mama mjamzito ama mzee, uwaambie ili waanue nguo na wafunge madirisha.