Namna ya kulitambua jipu mapema
Jipu ni mkusanyiko wa usaha uliozingirwa na nyama iliyovimba, na mara nyingi huanzishwa na bakteria, hasa Staphylococcus aureus, ambao hupenya kupitia mchubuko, kinyweleo kilichoziba au mkato mdogo wa wembe. Chembe nyeupe za damu hukimbilia hapo kupambana nao, na mabaki ya mapambano hayo ndiyo usaha wenyewe.

Dalili ya kwanza kwa kawaida ni uvimbe mgumu unaouma, wenye joto na wekundu, ingawa kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane, hivyo ni afadhali kupapasa kwa mgongo wa mkono kuliko kutegemea macho. Baada ya siku kadhaa katikati hulainika, na ukigusa taratibu unahisi kama majimaji yanasogea chini ya ngozi. Jipu la kwenye fizi huja na maumivu yanayopwita na ladha mbaya mdomoni.

Usilikamue wala kulitumbua, kwani unaweza kusukuma usaha ndani zaidi. Kwa jipu dogo, kulikanda kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu mara nyingi hutosha. Nenda hospitali bila kuchelewa iwapo una homa au kisukari, jipu liko usoni, au wekundu unazidi kuenea. Jipu kubwa kwa kawaida hupasuliwa na mhudumu wa afya, kwa sababu antibiotiki hazipenyi vizuri ndani ya usaha.